Simu ya Mama Mkwe Sasa Inaingia: Nimwambie Mume Wangu Kwamba Najua?

Mpendwa Bi Almuth,

Nakuandikia nikiwa nimepumua, maana juma lililopita nilikuwa sili nikashiba wala silali nikapata usingizi, lakini kupumua kwenyewe kumeniachia swali ambalo siwezi kumuuliza mtu wa hapa, kwa sababu kijijini kwetu nyuma ya tuta la bahari ukimnong'oneza jirani jambo asubuhi, mchana mwoka mikate anakupa pole, ndiyo maana nimekukimbilia wewe, naomba unishike mkono.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nafanya kazi kwenye kitalu cha maua, nimeolewa na Hinrik, fundi wa mitambo ya umeme wa upepo iliyo baharini, huko anakaa wiki mbili na nyumbani wiki mbili, ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia sauti, nayasema haya mapema ili usimwone mbaya kabla sijamaliza. Mama yake, Tetta, anakaa mjini Emden peke yake tangu baba mkwe Behrend atutoke mwezi wa pili mwaka huu. Nyonga yake ni mbovu, ilipasuliwa kiangazi na bado inamsumbua, hatoki sana, na simu ya mkononi hataki hata kuiona, anasema yeye hapigii mifuko ya watu, anapigia nyumba. Kwa hiyo akitutaka anapiga simu yetu ya mezani.

Sasa basi, kuanzia Pasaka mama mkwe akaanza kuninunia. Tukienda kumwona Jumapili ananimiminia chai kikombe kimoja, halafu birika linageuzwa upande wa mwanawe, na wewe ni mtu wa huku Frisia, unajua kwamba mgeni kunyimwa kikombe cha tatu ni sawa na kufunguliwa mlango aende zake. Akikata keki ananirushia maneno: "Wengine wana bahati, wana watu wa kuongea nao kutwa." Nikawa sielewi. Nilipomuuliza Hinrik ndani ya gari, mbona mama yako hivi, alijibu, "Ana uchungu wa baba, mwache." Nikamwacha, Bi Almuth, miezi na miezi nimemwacha, nikanywa kikombe changu kimoja nikanyamaza.

Mwezi huu kampuni ya simu ikatuambia ruta yetu, kile kisanduku kinacholeta mtandao nyumbani, imezeeka, wakatuletea mpya, na Hinrik alikuwa baharini. Nikasema mimi si mtoto, nitaifunga mwenyewe. Mtandao ulikuja bila shida, lakini simu ikawa imekufa, ukiinua unasikia kimya kama kisimani. Siku hizi, kama unavyojua, simu ya mezani haina waya wake tena, inapita humo humo kwenye mtandao, na ruta isipopewa namba na neno la siri la kupigia simu haikutambui. Hinrik alikuwa amehifadhi mipangilio ya ruta ya zamani kwenye kompyuta, nikairudisha yote kama ilivyo, bado simu kimya. Nikapanda ghorofani dirishani, ambako ndiko simu yangu ya mkononi inakoshika mtandao, nikapiga huduma kwa wateja, akapokea kijana mwenye lafudhi ya watu wa kusini.

"Mama, ulirudisha mipangilio ya zamani?"

"Ndiyo, mume wangu aliihifadhi."

"Basi hiyo ndiyo inayogombana na ruta mpya. Tufute yote tuanze upya. Usiogope, hakuna kitakacholipuka."

"Kikilipuka nitakufuata huko huko kwenu."

"Karibu sana, tutakunywa bia."

Tukafuta. Tukaingia ukurasa wa simu, tukaandika namba yetu, jina la mtumiaji, neno la siri na anwani ya seva yao, na ikakataa, akaniambia nimsomee nilichoandika herufi kwa herufi, kumbe nilikuwa nimeacha nafasi mwishoni, haionekani kwa macho lakini ruta inaiona. Nikaifuta. Taa ikawa ya kijani. Akanionyesha pa kuchagua namba hiyo ilie kwenye simu ipi, akasema ngoja nikupigie, akapiga, simu ikalia pale chini sebuleni nikapiga kelele za furaha mpaka yule kijana akacheka.

Alasiri hiyo hiyo ikalia tena. Nikashuka mbio.

"Nani huyo?" sauti ikauliza.

"Mimi Insa, mama."

Nikamsikia anasema, kama anamwambia mtu mwingine chumbani, "Imepokelewa. Imepokelewa kweli." Kisha akanigeukia. "Leo umechoka kuongea na dada zako?"

"Dada zangu gani, mama?"

"Insa, usinifanye mtoto. Kila nikipiga inatumika. Nikiamka inatumika, nikila inatumika. Hinrik aliniambia mwenyewe, 'Mama usihangaike, Insa akishika simu na dada zake haachii.'"

Bi Almuth, nina dada mmoja tu duniani, yuko Oldenburg, na anaogopa simu kuliko anavyomwogopa daktari wa meno.

Nilisimama na ile simu sikioni, nikaona nikisema neno la kweli nitamchongea mume wangu akiwa hayupo, nikasema, "Kulikuwa na hitilafu, mama. Tumeweka ruta mpya. Kuanzia leo utatupata." Akaanza kulia. "Nilidhani mmenichoka," akasema. Tukaongea mpaka chai yangu ikapoa, kuhusu nyonga, kuhusu mbwa wa jirani yake, na mwisho akaniambia, "Nilitaka tu Hinrik anisimulie tena siku ile baba yake alivyoondoka. Nikimuuliza uso kwa uso anatoka nje kwenda kuangalia gari."

Alipokata sikuweza kukaa. Nikaitoa ile ruta ya zamani kwenye boksi, nikaiwasha mezani, nikafungua sehemu ya simu, nikaona kwa macho yangu. Namba ya mama mkwe, hiyo peke yake, imewekewa amri: kila ikiingia, ijibiwe kwamba inatumika. Hakuna hitilafu. Mtu alikaa pale akaiandika, na nyumba ile tunakaa watu wawili.

Niliwaza mambo mengi mabaya ambayo sitayaandika. Hinrik akarudi. Hata viatu hajavua, simu ikalia, akaangalia namba kwenye kioo cha simu, akasimama hivyo hivyo na begi begani.

"Ni mama," akasema.

"Pokea basi."

"Imeingiaje?"

"Inavyoingia simu," nikamjibu.

Akapokea. Mwanzo alikuwa anajibu ndiyo, hapana, ndiyo, baadaye akavuta kiti, na sijui mama yake alimwambia nini kuhusu yule mbwa wa jirani, akacheka, na mimi tangu mazishi sikuwa nimesikia kicheko chake. Tangu siku hiyo mama anapiga karibu kila siku na Hinrik anapokea, na Jumamosi alipiga yeye mwenyewe bila kuambiwa. Jumapili tulipokwenda Emden nilimiminiwa kikombe cha tatu na cha nne. "Kunywa mwanangu, na mimi nilikuwa nimekuwekea kinyongo cha bure." Nyumba yetu imekuwa nyepesi, kama mtu amefungua madirisha.

Sasa shida yangu. Aliniuliza mara moja tu, akiwa anafuta vyombo, "Hukurudisha mipangilio yangu?" Nikasema ilikataa, nikaanza upya. Akasema "Sawa." Mimi nikaangalia sahani, yeye akaangalia kitambaa. Nimwambie kwamba najua? Nikimwambia, je, hataona aibu akajifunga tena, na amri za kufunga anazijua kuliko mimi? Nisipomwambia, nitabaki mwanamke mwenye dada wengi maisha yangu yote. Kuna saa ulimi unaniwasha nimwambie mama mkwe ukweli nisafishe jina langu. Na kitu kingine, ingawa sijui kama kina maana: mama akigusa tu habari ya siku ile ya hospitali, baba alipofariki, Hinrik anamwambia, "Mama, chakula kinaungua," na jikoni hakuna hata moto.

Nishauri, nakuomba.

Ni mimi,
Mwenye Dada Mmoja

*

Mwenye Dada Mmoja,

Pole. Halafu hongera. Halafu nitakukaripia, ujiandae.

Pole kwa sababu umebebeshwa mzigo usio wako, umenyimwa chai kwa kosa la mtu aliyekuwa amekaa pembeni yako akila keki. Hongera kwa sababu simu za mtandaoni zimewashinda wengi, nikiwemo mimi niliyeacha nafasi mwishoni mwa neno la siri nikaenda kumlaumu mtengenezaji. Na ushukuru ile nafasi, na ushukuru ile mipangilio ya zamani iliyokataa, kwa sababu vingekubali ungekuwa mpaka leo unaulizwa habari za dada zako.

Sasa sikiliza. Usimpunguzie mumeo kosa. Unaniambia ni mpole, hapigi kelele. Sawa, lakini huyo mpole alimfunga mdomo mama yake mjane, kisha akakutwika wewe lawama. Mama mwenye nyonga mbovu, peke yake, anayejua namba moja tu ya kupiga, na namba hiyo imeamriwa imwambie inatumika! Angeanguka bafuni je? Hakuanguka, Mungu amewasitiri nyote watatu, hasa yeye Hinrik. Hilo alisikie kutoka kwako, kwa maneno hayo hayo, bila kulizungusha.

Na wewe pia una lako. Ulimwambia mama mkwe kwamba ilikuwa hitilafu. Nakuelewa, ulishtuka, simu iko sikioni. Lakini tangu siku ile umekuwa wakili wa mtu ambaye hajakutuma, unamtetea mbele ya mama yake na unamvizia nyuma ya sahani. Mnafutiana vyombo huku kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua. Unadhani hajui? Fundi wa mitambo, mtu anayesoma waya kama wewe unavyosoma gazeti hili, aliuliza swali moja tu kisha akasema "sawa". Mumeo anajua. Anangoja umsaidie kusema.

Halafu umeliandika jambo kubwa kuliko yote mwishoni mwa barua, ukasema hujui kama lina maana. Lina maana. Mtu akichoka na simu za mama yake anazima simu, au anasema mama nipigie kesho. Huyu wako hakutaka mama yake aone mlango umefungwa, alitaka aone nyumba ina shughuli. Na anapompokea mama yake, wakiongea habari za mbwa, anacheka. Wakifika kwenye habari ya hospitali, chakula kinaungua. Hinrik hamkimbii mama yake. Kuna kitu kuhusu siku ile amekibeba peke yake na kinamla. Ni kitu gani sijui, na wewe usianze kubahatisha wala usiende kupekua kompyuta.

Fanya hivi. Usingoje siku anayorudi kazini, atakimbilia baharini na aibu yake. Mchukue mapema akiwa bado na siku za kukaa, mchana kweupe, mkatembee juu ya tuta, kwa sababu mwanamume mgumu wa kusema husema vizuri zaidi akiwa anatembea na haangaliwi machoni. Mwambie: "Najua kuhusu simu ya mama. Iliniuma. Sitamwambia, utamwambia wewe. Siku ile kulitokea nini?" Kisha ufunge mdomo. Nakujua tayari kwa barua moja, unaandika bila kupumua, na huko utataka kumsaidia kumaliza sentensi zake. Usimsaidie. Hata akinyamaza mpaka mfike kijiji cha pili, tembea.

Mama mkwe usimwambie kitu. Jina lako litasafishwa na aliyelichafua, tena mbele yako, kabla hujanywa tena chai ya mama huyo. Akikataa, mwambie hutakuwa na dada wengi hata kwa siku moja zaidi, na utalisema yeye akiwepo, si nyuma yake. Sidhani mtafika huko.

Na ile ruta: usibadilishe neno la siri ukamfungia nje kama alivyomfungia mama yake. Kaeni wote wawili mbele ya huo ukurasa, ajue unajua kuingia. Simu zikizidi, mama aambiwe saa za kupiga kwa mdomo wa mwanawe. Ana masikio mazuri, ni nyonga tu iliyoharibika.

Nenda.

Almuth

*

Barua hii sikuichapisha ilipofika, kwa sababu kijiji cha mwandishi ni kidogo na gazeti hili linasomwa mpaka kwenye kiti cha kinyozi. Nilimjibu kwanza kwa posta. Wiki kadhaa baadaye alinipigia, kwa simu ile ile, na yeye, mumewe na mama mkwe wamekubali yote yatoke, na majina yao halisi. Mama mkwe ndiye aliyesisitiza zaidi. Aliyonieleza Insa ni haya.

"Tulitembea, Bi Almuth. Upepo ulikuwa mkali, kondoo wamejikunyata upande wa pili. Nikasema maneno yako kama ulivyoyaandika, nikanyamaza, na kunyamaza kuliniuma ulimi. Hinrik akaendelea kutembea, halafu akakaa chini pale pale kwenye nyasi, kwenye mavi ya kondoo, hakujali.

"Akaniambia mchana ule baba yake aliamka. Alikuwa anaongea vizuri, ameomba maji, amekunywa. Akauliza, 'Tetta yuko wapi?' Hinrik akamwambia amekwenda nyumbani kujinyoosha. Mzee akasema, 'Mwite.' Na Hinrik alimwona baba yake ana nguvu, na mama yake ndiyo kwanza ameweka kichwa kwenye mto baada ya siku nyingi za kukaa kitini, akaona amwache alale kidogo. Akasema, 'Atakuja jioni, baba.' Mzee akaitikia kwa kichwa. Kabla ya jioni akawa ameondoka. Mama alipofika na kuuliza, Hinrik alimwambia amekufa usingizini, hakusema kitu. Na tangu hapo, kila mama akipiga anauliza, 'Kweli hakusema kitu?' Kila mara anadanganya upya. Aliniambia, 'Insa, nilishindwa kumdanganya kila siku, na kumwambia ukweli nikashindwa pia, ndipo nikaifunga namba yake.'

"Nilimwinua. Suruali yake sitakueleza.

"Jumapili tukaenda. Nilidhani ataanza na la hospitali, akaanza na la simu. Akasema lote, na la dada zangu akalisema. Mama mkwe akaweka birika chini kwa kishindo. 'Wewe! Jitu zima lenye ndevu, unanifungia simu kama mimi ni muuza bima!' Akanigeukia. 'Na wewe ulijua?'

"'Nilijua, mama, tangu siku ulipopiga.'

"'Ukasema hitilafu.'

"'Nikasema hitilafu.'

"'Mnafaana kweli nyinyi. Leo keki hamli.'

"Na kweli hakutupa. Hinrik akasema, 'Mama, kuna lingine,' akamweleza siku ile. Alimweleza akiangalia kitambaa cha meza. Mama mkwe hakumkatiza hata mara moja, na huyo mama unamjua anavyokatiza watu.

"'Alisema mwite?' mama akauliza.

"'Alisema mwite.'

"'Kwa jina langu? Hakusema mama yako, hakusema yule?'

"'Alisema Tetta yuko wapi. Halafu akasema mwite. Nisamehe, mama. Ningekuita ungewahi.'

"Mama mkwe machozi yalikuwa yanashuka lakini amekaa wima kabisa. Akasema, 'Miezi yote hii nimekaa kwenye kiti hiki nikidhani aliamka, akaona kiti changu kitupu, akaona sawa tu. Miaka hamsini na miwili na mtu, halafu anaondoka bila hata kukuulizia. Hilo ndilo lililokuwa linaniua, Hinrik. Usingizi wangu ungeniuma, ndiyo, lakini huo ningeubeba. Wewe ndiye uliyeninyima habari nzuri kuliko zote.'

"Hinrik akaanza kulia kama mtoto, mabega yanatikisika. Mama hakumbembeleza. Akagonga kiti cha pembeni yake kwa kiganja. 'Sogea hapa. Karibu, sikio hili halisikii vizuri. Nieleze tena tangu alipoomba maji. Alisema kwa sauti gani?'

"Nikaona hapo si pangu. Nikachukua kikapu nikatoka uani kuokota matufaha yaliyoanguka. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia Hinrik anajikohoza, anajaribu kuiga ile sauti nzito ya baba yake, na mama yake anamrekebisha, 'Si hivyo, polepole zaidi, alikuwa anavuta maneno,' naye anarudia, na mara nikasikia mama mkwe anacheka."